Karibuni, Lakini Misumeno Iacheni Kwenye Boti



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Halafu nitawapeleka mbali kidogo, mpaka Kanada, kisha tutarudi nyumbani. Nivumilieni.

Mwaka jana wakati wa likizo nilikuwa kwetu Mufindi, nikahudhuria kikao cha vijana wa chama kwenye kata yetu. Ajenda ilikuwa moja: msitu wa asili ulioko juu ya chanzo cha maji cha kijiji. Siyo mipaini ya shamba la miti, hapana. Ni msitu wenyewe, miti ambayo babu zetu waliikuta. Watu walikuwa wanaingia usiku na chenso, magogo yanashushwa kwa trekta, asubuhi unakuta visiki na unga wa mbao. Mwenyekiti akatuambia kuna mfanyabiashara mmoja wa mbao, mzee anayejulikana mpaka Mafinga mjini, ametuma ujumbe. Anasema hata yeye ukataji ule haumfurahishi, na yuko tayari kukaa na vijana tuangalie la kufanya.

Kikao kikalipuka. Yule mzee kila uchaguzi tunamwona na shati la kijani. Magari yake ndiyo hubeba watu kwenda kwenye mikutano yao. "Huyo anakuja kutununua," mmoja akasema. Mwingine akadakia: "Tukikaa naye leo, kesho picha iko mtandaoni, na sisi tumekwisha." Ikapigwa kura. Mikono 17 ilimkataa, na mmoja wao ulikuwa wangu.

Muhula huu, kwenye kusoma sheria ya mazingira, nimekutana na kesi moja ya Kanada ya mwaka 1985. Nilidhani nitaisoma usiku mmoja niandike kazi ya darasa, yaishe. Badala yake nimeifuata wiki nzima, kesi hadi kesi, mpaka mwaka 2016. Na sasa naamini kwamba siku ile tulikosea. Sisemi yule mzee ni mtu mwema, hilo silijui. Nasema hatukujua tofauti kati ya kukaa mezani na kununuliwa.

Mchezo unaofanana na wa kwetu

Pwani ya magharibi ya Kanada, kwenye jimbo la British Columbia, kuna misitu ya mvua ya nchi za baridi. Mierezi mingine ya kule imepita miaka 1,000, yaani ilikuwa miche wakati Kilwa Kisiwani inaanza kuchangamka kibiashara. Sehemu kubwa ya ardhi ya jimbo lile ni ya serikali, na kampuni hupewa leseni ya kuvuna. Linganisha na kwetu, ambako ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini. Anayetoa kibali ni serikali, anayeshika msumeno ni kampuni, na anayeishi pale hukuta mambo yameshaamuliwa.

Mwaka 1984 kampuni kubwa ya mbao ya jimbo lile, MacMillan Bloedel, ilitaka kuvuna kisiwa cha Meares, eneo la Clayoquot Sound. Kisiwa hicho ni cha mababu wa Tla-o-qui-aht na Ahousaht, wenyeji wa asili wa pwani ile. Watu wa kampuni walipofika kwa boti, aliyewapokea ufukweni ni chifu wa Tla-o-qui-aht, Moses Martin. Hakuwarushia mawe. Aliwaambia kwamba kisiwa kile ni bustani yao, kwamba wao ni wageni na wanakaribishwa, lakini misumeno waiache kwenye boti.

Soma tena hapo, kamanda. Amewakaribisha watu, amekataa misumeno. Nitairudia mara kadhaa kwa sababu naona siasa yote ya jambo hili imo humo.

Wenyeji wakatangaza kisiwa kuwa hifadhi ya kabila, wakaenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya British Columbia ikatoa zuio: hakuna kukata miti mpaka swali la ardhi ni ya nani liamuliwe. Hoja yake mwanafunzi yeyote wa sheria anaijua. Mkikata leo halafu kesho wenyeji wakashinda, mtarudisha vipi mti wa miaka 1,000? Fidia haioteshi msitu. Mpaka leo miti ya Meares imesimama.

Kwanza barabara

Wangeishia hapo ingekuwa hadithi tamu ya mahakama. Lakini mahakama hiyo hiyo inaweza kugeuka. Mwaka 1993 serikali ya jimbo iliruhusu uvunaji kwenye karibu theluthi mbili za msitu wa Clayoquot. Vijana, bibi zao, walimu, wenyeji, wakaanza kusimama barabarani kila alfajiri kuzuia magari ya kampuni. Safari hii aliyeomba zuio ni kampuni, na akalipata. Zaidi ya watu 800 walikamatwa kiangazi kile na kushtakiwa kwa kudharau mahakama.

Mmoja wa waratibu alikuwa binti anayeitwa Tzeporah Berman. Alikuwa na miaka 24, si mkubwa sana kuliko mimi. Alishtakiwa kwa makosa 857 ya kusaidia na kuchochea, karibu kosa moja kwa kila aliyekamatwa. Mashtaka yale hayakusimama, lakini fikiria kusomewa hati ya namna hiyo ukiwa na umri huo.

Sasa mtu wa kwetu angesema: basi, hapo ndipo ushindi ulipopatikana, barabarani. Sehemu tu. Miti iliendelea kukatwa hata baada ya watu wote wale kukamatwa. Walichofanya wanaharakati ni kubadilisha uwanja. Waliacha kuongea na mkataji peke yake, wakamfuata mnunuzi.

Hapa namkumbuka baba yangu. Baba ana mashine moja ndogo ya kuchana mbao, zile za dingdong, na amenisomesha kwa mbao za paini. Nilipomwuliza kwa simu ni kitu gani kinamtisha zaidi mfanyabiashara wa mbao, nilidhani atasema ushuru au maafisa wa vizuizini. Akacheka. "Mwanangu, hao tunawazoea. Ogopa siku mnunuzi wa Dar anakwambia mzigo wako siutaki." Kampuni za Kanada ziliambiwa hivyo hivyo. Wanunuzi wa karatasi na mbao wa Ulaya na Marekani walianza kubanwa na wateja wao, na mwaka 1999 Home Depot, duka kubwa la vifaa vya ujenzi la Marekani, likatangaza kwamba litaacha kuuza mbao zitokazo kwenye misitu iliyo hatarini.

Mwanamke wa upande wa pili

Nataka tumtazame mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kampuni, maana habari za upande ule huwa hatuzisomi.

Linda Coady alikuwa makamu wa rais wa MacMillan Bloedel aliyeshughulikia mazingira. Yaani ndiye aliyepaswa kwenda mbele ya kamera kuitetea kampuni ambayo dunia nzima ilikuwa inaitukana. Kwa kawaida kazi ya mtu wa namna hiyo ni kupaka rangi. Yeye alianza kuongea na wenyeji na na wanaharakati wale wale waliokuwa wanafunga barabara. Mwaka 1998 mkuu wa kampuni, Tom Stephens, akatangaza kwamba ndani ya miaka mitano wataachana na kufyeka eneo zima mpaka likabaki uwanja mtupu. Badala yake, wanapovuna wataacha miti imesimama.

Mwaka huo huo ikaundwa kampuni mpya Clayoquot, inaitwa Iisaak. Kwa lugha ya Nuu-chah-nulth neno hilo ni heshima. Wenyeji wakachukua asilimia 51, MacMillan Bloedel asilimia 49. Waliokuwa wanasukumwa pembeni sasa ndio wenye kura ya mwisho. Mwaka 1999 kampuni mama ikanunuliwa na Weyerhaeuser ya Marekani, na Coady akaendelea na kazi ile ile chini ya bosi mpya.

Je, ni mtakatifu? Hapana. Baadaye katika maisha yake alifanya kazi WWF, kisha kwenye kamati iliyoandaa Olimpiki ya Vancouver ya 2010, na kisha Enbridge, kampuni ya mabomba ya mafuta. Kama unatafuta shujaa asiye na doa, tafuta kwingine. Ninachomsifia ni kitu kidogo na kigumu. Alikuwa amekaa mahali ambapo ni rahisi kuendelea kusema "hapana," akachagua kusikiliza, kisha akaenda kuwashawishi wenzake wa ndani. Na hakusikiliza kwa sababu aliota ndoto usiku. Alisikiliza kwa sababu barabara zilifungwa, mahakama imeshawahi kuwazuia, na wanunuzi wanaondoka. Msukumo ulifungua mlango. Lakini mlango ukifunguka lazima awepo mtu upande wa pili aliye tayari kupita, na awepo mtu upande wetu aliye tayari kumpokea.

Kanuni ya mwaka 2000

Kaskazini mwa Clayoquot kuna msitu mkubwa zaidi, uliokuja kuitwa Great Bear. Eneo lake ni hekta milioni 6.4, zaidi ya mara nne ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Humo ndimo anamoishi dubu mweusi ambaye wakati mwingine huzaliwa na manyoya meupe kabisa, na mito ambako samaki aina ya samoni hupanda kila mwaka kuzaa.

Mwaka 2000 kampuni za mbao na vikundi vya mazingira vilikubaliana jambo moja kabla ya mengine yote. Kampuni zilisimamisha uvunaji kwenye mabonde zaidi ya 100 ambayo hayakuwahi kuguswa. Wanaharakati nao wakasimamisha kampeni yao kwa wanunuzi. Kila upande ukaweka silaha chini, lakini hakuna aliyeitupa. Wote walijua kwamba mmoja akidanganya, mwingine anairudia silaha yake kesho asubuhi.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo yakaanza. Na mataifa 26 ya wenyeji wa asili hayakuitwa pale kama waalikwa wa kupiga makofi. Yalijadiliana na serikali ya jimbo, serikali kwa serikali. Makubaliano ya kwanza yakatangazwa Aprili 2001, makubwa zaidi 2006, na ya mwisho Februari 2016. Asilimia 85 ya msitu ule haivunwi. Asilimia 15 inavunwa kwa masharti makali. Zikapatikana pia dola milioni 120 za Kanada, nusu kutoka kwa wafadhili binafsi na nusu kutoka serikalini, kwa ajili ya uhifadhi na biashara za wenyeji, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya mti na ugali wa watoto.

Mmeona nani alichelewa? Serikali. Wananchi na wafanyabiashara walishaelewana njia, wanasiasa wakaja kukata utepe. Hilo halinishangazi, na nyie najua haliwashangazi.

Wanaosema ni usaliti

Najua mtakavyojibu, kwa sababu Kanada nako walijibu hivyo hivyo. Kuna wanaharakati waliosema kwamba asilimia 15 ni nyingi mno, kwamba waliokaa na kampuni wameuza msitu. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Hekta 550,000 siyo bustani ya mchicha. Na vita haikuisha. Kuanzia 2020, sehemu nyingine ya jimbo hilo inayoitwa Fairy Creek, watu walirudi barabarani kutetea miti ya kale, na waliokamatwa walizidi 1,000, wengi kuliko wa Clayoquot. Tena pale uongozi wa wenyeji, Pacheedaht, uliwaomba waandamanaji waondoke. Kwa hiyo siwauzii hadithi ya kwamba ukikaa mezani mara moja mambo yamekwisha.

Lakini nitawauliza swali ambalo nilijiuliza mwenyewe. Sisi tuliopiga kura ya kumkataa yule mzee, tulilinda mti gani? Usafi wetu tuliulinda, hilo kweli. Picha haikupigwa. Ila msimu wa mvua uliopita mama aliniambia kwenye simu kwamba maji ya bomba la kijiji sasa yanatoka na tope, na kiangazi yanakatika mapema kuliko zamani. Tumebaki wasafi, na tunakunywa tope.

Na kwenye siasa kubwa ya nchi tunafanya vilevile. Kiongozi akikaa na mtu wa upande wa pili saa moja, magrupu yetu ya WhatsApp yanawaka mpaka alfajiri: mamluki, amepewa bahasha, amelamba asali. Sikatai, wapo waliolamba. Tumeumizwa, tuna haki ya kuwa na shaka. Lakini tumelifanya neno "msaliti" kuwa rahisi mno, kiasi kwamba mtu wa upande ule akitaka kugeuka hana pa kugeukia. Tunampigia kelele abaki adui.

Wapo pia wenye kosa la upande wa pili, na hilo ni baya zaidi. Hao hukaa mezani huku misumeno inaunguruma. Wanapewa posho na chai, wanapigwa picha, na wakati wanakunywa chai miti inaanguka. Yale siyo mazungumzo. Mazungumzo yenye maana yana sharti la kwanza, na sharti hilo ni la Moses Martin: karibuni, lakini misumeno iacheni kwenye boti. Ikizimwa tunakaa. Ikiwashwa tunarudi barabarani.

Tufanye nini kwetu

Sheria tunazo. Katiba yetu, Ibara ya 26(2), inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba na sheria za nchi. Ibara ya 27 inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inatambua haki ya kuishi kwenye mazingira safi, salama na yenye afya, na inaruhusu mtu kufungua shauri haki hiyo ikitishiwa. Na tukifika mahakamani, tunaweza kumwonyesha jaji jinsi wenzetu wa Kanada walivyofikiri. Mwaka 2004, kwenye kesi ya Wahaida, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ile ilisema kwamba wajibu wa kushauriana na wenyeji ni wa serikali yenyewe, na unaanza hata kabla wenyeji hawajathibitisha kwamba ardhi ni yao. Haitufungi sisi, lakini mahakama zetu huruhusiwa kujifunza kutoka nchi nyingine zenye mfumo kama wetu.

Mfano wa nyumbani pia upo. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 vijiji vinaweza kumiliki hifadhi zao za misitu. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyofuata njia hiyo vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi wa nje kwamba mbao zimevunwa kwa utaratibu. Mpingo wao unauzwa na kijiji chenyewe, na fedha zinaingia kijijini. Kumbe hata sisi tunaweza kumtumia mnunuzi kama fimbo na kama mshirika.

Kwa hiyo nikirudi likizo hii nitaomba ajenda ifunguliwe upya kikaoni. Nitapendekeza tumwalike yule mzee, kwa masharti matatu. La kwanza: kabla ya kukaa, yeye na wenzake wa mashine watangaze hadharani, mbele ya mkutano wa kijiji, kwamba hawanunui gogo lolote kutoka msitu ule. Akikataa, hakuna kikao, na tutakuwa tumejua alikuwa anatafuta nini. La pili: tukae mchana, uwanjani, wazee na kina mama wenye ndoo wakiwepo, mtu yeyote apige picha anayotaka. Kinachofanyika mchana hakihitaji kuelezewa kesho mtandaoni. La tatu: wakati tunaongea, tuendelee kuandaa shauri letu na barua zetu. Tukilala, tumelaliwa.

Inawezekana nitashindwa kura tena. Inawezekana nitaitwa jina ambalo mwaka jana nilikuwa nalitumia kwa wengine. Itauma, lakini ni haki yao, na nitakuwa nimekaa pale pale kwenye benchi kikao kijacho.

Ila nawaomba, kabla hamjanyoosha mkono kukataa, mwulizeni mwenzenu wa pembeni kama nyumbani kwao maji bado ni meupe.

Aluta continua.

*Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sheria na mwanachama wa jumuiya ya vijana ya chama. Maoni haya ni yake binafsi.*